Kikosi Kizuri kwa Macho

Maneno haya niliyasema Upanga, Dar es Salaam, jioni moja ya Oktoba 2025, mbele ya wenzangu wa ligi yetu ya fantasi ya kikapu, mchezo wa kumiliki timu ya kufikirika ya wachezaji wa kweli wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, saa moja kabla ya drafti, yaani zamu ya kuchagua wachezaji. Nimeyaandika kwa ajili ya mwenzetu wa Muscat ambaye mtandao ulimkatikia njiani, na kwa yule aliyekuwepo ukumbini lakini akili yake yote ilikuwa kwenye sambusa.

Ndugu zangu, wakubwa kwa wadogo, na wewe bingwa mtetezi, dada yetu uliyekaa karibu na birika, habari za jioni.

Nimepewa nusu saa nizungumzie namna ya kukipima kikosi: nguvu yake iko wapi, kilema chake kiko wapi. Nimesikia mguno kule nyuma. Haki yenu. Mnajiuliza mtu aliyeshika mkia msimu wa 2023-24 ana la kufundisha gani. Ninalo. Shimo nililotumbukia nililala humo karibu miezi sita, kwa hiyo kona zake zote nazijua.

Wenye kumbukumbu wanakikumbuka kikosi changu kile. Joel Embiid, aliyekuwa ametoka kuchaguliwa mchezaji bora wa NBA. LaMelo Ball. Na Ja Morant, ambaye alianza msimu akiwa amefungiwa mechi 25, nikasema si neno, nitamsubiri, mvumilivu hula mbivu. Siku ya drafti mlinipigia makofi. Mmoja wenu alinipa mkono wa pongezi kabla mpira wa kwanza haujarushwa.

Sasa sikilizeni hesabu. Embiid alicheza mechi 39, goti likamweka chini. LaMelo alicheza 22, kifundo cha mguu kikagoma. Morant alirudi Desemba, akacheza 9, bega likamaliza kazi. Jumla ya mechi za vigogo wangu watatu: 70. Upande wa pili dada yetu hapa alikuwa na Domantas Sabonis wa Sacramento na Mikal Bridges, ambaye wakati ule alikuwa Brooklyn. Sabonis mechi 82, msimu mzima. Bridges mechi 82. Hakuna aliyempigia makofi. Nakumbuka mtu alimtania, dada, wewe umechukua watumishi wa serikali: wanaingia asubuhi, wanasaini, wanafanya kazi, wanarudi nyumbani.

Embiid alikuwa anafunga wastani wa pointi 34.7, Sabonis 19.4. Ukitazama wastani tu, hawa watu hawakai meza moja. Lakini zidisha kwa mechi walizocheza. Embiid anapata kama pointi 1,350. Sabonis anakaribia 1,590. Na hapo sijagusa ribaundi 13.7, yaani mipira ya kudaka mtupo ukikosa, na asisti 8.2, yaani pasi za kuzaa kikapu, alizokuwa anazitoa yule Mlithuania kila anapoingia uwanjani.

Wastani unakueleza mtu alifanya nini siku alizokuwa mzima. Haukuambii siku hizo zilikuwa ngapi. Sisemi msichukue nyota mwenye goti bovu. Nasema ukimchukua, mwandike kwenye hesabu zako kama mtu wa mechi 50, uone kikosi kinabaki na sura gani. Mimi niliandika 82 kwa Embiid, nikaandika 57 kwa Morant, nikalala usingizi mtamu. Msimu uliopita Embiid alicheza mechi 19. Safari hiyo hakuwa wangu, namshukuru Mungu.

Kuna wageni wawili mwaka huu, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo tunacheza nini. Mchezo huu wa kumiliki timu ya kufikirika kwa takwimu za kweli ulikolezwa na watu wa besiboli: mwaka 1980 Daniel Okrent na wenzake kule New York walianzisha ligi yao, wakaipa jina la mgahawa waliokuwa wanakula, La Rotisserie Française. Kikapu kilifuata baadaye. Ligi yetu ni ya watu 12 na ya vipengele tisa: pointi, ribaundi, asisti, stili yaani mipira ya kupora, bloku yaani mitupo ya kuzuia, mitupo ya pointi tatu, asilimia ya mitupo ya mchezoni, asilimia ya mitupo huru, ile ya adhabu, na kupoteza mpira, ambako mwenye chache ndiye mshindi. Kila wiki unapangiwa mtu mmoja. Anayechukua vipengele vitano kati ya tisa ameshinda wiki.

Hapo ndipo wengi wetu tunapotelea. Tunasema, kikosi changu kina nguvu. Nguvu wapi? Huna timu moja, una timu tisa ndogo zilizovaa jezi moja. Kumshinda mwenzako kwa ribaundi 60 na kumshinda kwa ribaundi moja ni kitu kilekile: umepata kipengele kimoja. Zile 59 nyingine ni mchele uliopikwa ukamwagwa.

Nimwombe radhi dada yetu kwa sababu nitatoa siri yake, na siri hii aliniuzia kwa chai na vitumbua viwili, kwa hiyo ni mali yangu kihalali. Ana daftari. Daftari la kawaida la shule, lenye jedwali la hesabu nyuma. Kila Jumatatu asubuhi, wiki ikishafungwa, anaandika vipengele tisa na pengo la kila kimoja: nimeshinda kwa ngapi, nimeshindwa kwa ngapi. Kazi ya dakika tano. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na sisi wengine tulikuwa tunaishia kwenye matokeo tu, sita kwa tatu, tano kwa nne, tunafunga simu.

Baada ya wiki tano daftari lilimwambia kitu ambacho jedwali la ligi halikumwambia. Ribaundi alikuwa anashinda kila wiki, na kwa pengo la kutisha. Mitupo ya pointi tatu alikuwa anashindwa karibu kila wiki, lakini kwa mbili, kwa tatu, mara moja kwa moja. Jedwali linaonyesha kipengele kimoja ameshinda, kingine ameshindwa. Daftari linaonyesha kimoja amejaza hadi kinamwagika, kingine kimepungua kijiko. Akachukua senta mmoja, yaani mrefu wa chini ya ringi, akabadilishana na mtupaji wa mbali ambaye mwenye naye alikuwa anamwona wa kawaida. Ribaundi akaendelea kushinda. Pointi tatu zikageuka.

Ila daftari lina mtego wake, nao ni huu: pengo halina uzito sawa kwenye kila kipengele. Kwa wiki kikosi cha ligi yetu kinafunga pointi kama 600. Ukizidiwa kwa 40 hujazidiwa sana, jioni moja nzuri inazirudisha. Lakini stili ni vitu vichache, kikosi kizima kinapata 35 au 40 kwa wiki. Ukizidiwa kwa stili 6 kila wiki, hiyo si bahati mbaya, kuna mtu hayupo kwenye kikosi chako. Ndiyo maana msimu uliopita Dyson Daniels wa Atlanta alitikisa ligi nyingi. Alipora mipira 229, wastani wa 3 kwa mechi, kiwango ambacho hakijafikiwa na mtu tangu Alvin Robertson msimu wa 1990-91. Mtu ambaye hafungi pointi 15 kwa mechi. Lakini wiki yenye mechi tatu anakuletea stili 9 pale ambapo mchezaji wa kawaida analeta 3. Kichwa kimoja, kipengele kizima.

Na hapo hapo kuna swali la kinyume, nalo ni chungu zaidi. Kama kichwa kimoja kinaweza kukupa kipengele, basi kipengele hicho si nguvu ya kikosi, ni nguvu ya kichwa hicho. Mzee wetu wa Tabata atanisamehe. Msimu uliopita alikuwa na Victor Wembanyama, bloku 3.8 kwa mechi, na kila wiki bloku zilikuwa zake. Akaamini ana ukuta. Nilimwambia auze senta mmoja anunue asisti, akauza wawili. Mwezi Februari San Antonio wakatangaza kwamba kijana amepatikana na damu iliyoganda kwenye mshipa wa bega la kulia, msimu wake umekwisha baada ya mechi 46. Siku hiyo mzee aligundua kwamba alikuwa na nguzo moja, na ukuta ulikuwa picha iliyochorwa juu yake.

Kipimo chake ni chepesi, na mnaweza kukifanya usiku huu baada ya drafti. Mtoe mchezaji wako bora. Mfute kabisa. Hesabu vipengele tisa upya. Vilivyobaki vimesimama ndivyo vyenye mizizi. Vilivyoanguka, vijue kwa jina lake.

Sasa nije kwenye asilimia, kwa sababu hapa ndipo watu wazima wenye shahada wanapokosea hesabu ya darasa la sita.

Asilimia ya kikosi si wastani wa asilimia za wachezaji. Mtu anayetupa mitupo huru kumi kwa usiku ana sauti kubwa kuliko anayetupa miwili. Chukueni msimu wa 2023-24. Wastani wa NBA nzima kwenye mitupo huru ulikuwa kama asilimia 78. Giannis Antetokounmpo alitupa 10.7 kwa mechi, akaingiza asilimia 65.7. Maana yake, kila mechi yake ilikuachia upungufu wa kama mtupo 1.3 kulinganisha na mtu wa kawaida anayetupa idadi hiyo. Haya, tumfidie. Stephen Curry aliingiza asilimia 92.3. Inang'aa. Lakini alitupa 4.4 tu kwa mechi, kwa hiyo ziada yake ni kama 0.6. Hajaziba nusu. Shai Gilgeous-Alexander aliingiza asilimia 87.4, namba ndogo kuliko ya Curry, lakini alitupa 8.7 kwa mechi, ziada yake kama 0.8. Kumbe mwenye asilimia ndogo anakufaa zaidi. Na mkiwajumlisha Curry na Shai, ndipo wanalifukia shimo la Giannis, na kubaki mchanga wa kiganjani.

Nirudie, maana naona kalamu zimesimama. Unahitaji wafungaji wawili wakubwa wa mitupo huru, wote kwa pamoja, ili kumfidia Giannis mmoja. Na katika ligi ya watu 12 hutawapata hao watatu hata ukiwapikia wenzako pilau.

Basi ufanyeje? Umuache Giannis? Mtu wa pointi 30, ribaundi 11 na asilimia 61 ya mitupo ya mchezoni? Hapana. Unasamehe. Unasema tangu mwanzo: mitupo huru si yangu, chukueni, nitatafuta vitano vyangu katika vinane vilivyobaki. Wengi mnaijua mbinu hii kwa jina. Wachache mnaifanya mpaka mwisho, na hilo ndilo lalamiko langu la leo.

Ukishaisamehe mitupo huru kwa sababu ya Giannis, mtupaji mbovu wa pili hakugharimu chochote. Rudy Gobert, asilimia 63.8 msimu ule, wenzako wanamkwepa kama mdeni. Kwako wewe ni ribaundi 12.9, bloku 2.1 na asilimia 66 ya mitupo ya mchezoni bila kilema hata kimoja. Sabonis na asilimia zake 70, karibu. Kipengele ukishakipoteza kwa mmoja, kipoteze kwa watano, haki ya Mungu matokeo ni yaleyale. Lakini mimi naona nini? Naona mtu amechukua Giannis raundi ya kwanza, raundi ya tatu anaogopa, anakwenda kuchukua mtu wa asilimia 90 ili apunguze aibu. Amelipa bei ya raundi ya tatu kwa kitu ambacho alishakitoa sadaka. Mtaka yote hukosa yote, na huyu amekosa mitupo huru na amekosa bloku pia.

Nikubali udhaifu wa njia hii, nisije nikaonekana nauza dawa. Ukisamehe kimoja, unatafuta vitano katika vinane, na nafasi yako ya kuteleza ni vitatu badala ya vinne. Ukisamehe viwili, unatembea kwenye ukingo wa ukuta: vitano katika saba. Dada yetu hajawahi kusamehe hata kimoja na ana vikombe viwili, kwa hiyo msiniangalie kama nabii. Na wale mnaocheza pia ligi nyingine ya pointi za msimu mzima, ile ya kupangwa wa kwanza hadi wa kumi na mbili katika kila kipengele, msipeleke mbinu hii kule. Kule kila kipengele kina thamani ya pointi 12 kwa anayeongoza na 1 kwa anayeshika mkia. Ukisamehe, umeanza safari ukiwa nyuma kwa 11, na hakuna wiki mpya ya kufuta makosa.

Kuhusu kupoteza mpira, sitapoteza muda. Ni kipengele pekee ambacho mtu aliyelala anamshinda Luka Dončić. Msimu wa 2023-24 Luka alipoteza mpira mara 4 kwa mechi, na alikupa pointi 33.9, ribaundi 9.2 na asisti 9.8. Ukimkataa kwa sababu ya hizo 4, una matatizo makubwa kuliko ligi hii.

Nafasi nazo zitazamwe. Ukiambiwa fulani ana asisti 10, uliza anazitoa akiwa amekaa kiti gani. Nikola Jokić msimu uliopita alikuwa na pointi 29.6, ribaundi 12.7 na asisti 10.2, akiwa senta. Senta wa mwenzako anatoa asisti mbili. Kwa hiyo kabla wachezeshaji wenu, wale wagawaji wa pasi, hawajaingia uwanjani, kwenye kiti cha senta pekee umeshamtangulia kwa nane. Ndiyo maana mwenye kura namba moja leo, atakayechagua wa kwanza, wala hana haja ya kusikiliza hotuba. Endelea na chai yako, kaka.

Sasa dakika. Na hapa niseme jambo la nyumbani.

Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alichaguliwa na Memphis akiwa wa pili katika drafti ya NBA yenyewe, ile ya timu halisi kuchagua vijana wapya. Wa tatu alikuwa James Harden. Wa saba alikuwa Stephen Curry. Mtanzania wa kwanza NBA, urefu wa mita mbili na ushee mwingi, mnaokumbuka mnakumbuka mji ulivyokuwa. Mimi wakati ule nilikuwa kwenye ligi nyingine, ya watu wanane, na wanne kati yetu tulimgombania. Nilimpata mimi. Msimu ule wa kwanza alipata bloku 1.3 kwa mechi, na ukiangalia haraka unasema safi, kwa sababu alikuwa anacheza dakika 13 tu. Nikapiga hesabu ya kitoto: dakika 13 zinaleta 1.3, dakika 30 zitaleta 3. Nikamweka kwenye kikosi miezi minne nikisubiri dakika 30. Hazikuja. Februari 2010 Memphis wakampeleka ligi ya chini kujifunza, na mimi nikabaki na pointi 3.1 na ribaundi 3.6 na uzalendo.

Kosa halikuwa la Hasheem. Kosa lilikuwa langu, niliweka kwenye kikosi mchezaji aliyekuwa kichwani mwangu badala ya yule aliyekuwa Memphis. Takwimu za dakika chache ni za kweli, lakini anayegawa dakika ni kocha, na kocha hajui kwamba wewe upo duniani.

Leo tunaye Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, na najua kuna wenzetu humu ambao Goma ni kwao. Msimu wa 2023-24 alifunga wastani wa pointi 16.1 akiwa na Golden State. Kipaji hakina ubishi. Lakini mwishoni mwa msimu uliopita kulikuwa na mechi, ya Clippers na ya Memphis, ambazo kocha alimwacha benchi mwanzo mpaka mwisho, akiwa mzima wa afya. Mchezaji kama huyo usimpime kwa pointi. Mpime kwa kuuliza: wiki ya mtoano, nikimhitaji, nina uhakika gani kwamba ataingia? Kama jibu ni kukuna kichwa, basi ni mtu wa benchi yako, hata kama moyo unasema vingine. Mchukueni raundi za chini, mpate raha ya kumshangilia. Mimi nitamshangilia bure.

Wale wanaosoma orodha kwa jina nao waangalie leo. Tyrese Haliburton, asisti 10.9 kwa mechi msimu wa 2023-24 na mpira akiupoteza mara mbili na kidogo, mtu ambaye kila kikosi kingemtamani: kano ya kisigino ilikatika Juni 22 katika mechi ya saba ya fainali, na Indiana wameshasema msimu huu hachezi. Jayson Tatum naye kano kama hiyo, mwezi Mei. Programu ya ligi itawaonyesha majina haya na picha nzuri wakitabasamu.

Nimalizie na udhaifu ambao hauko kwenye kikosi, uko kwenye kitanda chako.

Mechi za saa moja jioni New York kwetu ni saa tisa usiku. Majina ya wasiocheza yanatulia karibu nusu saa kabla mpira haujarushwa, yaani saa nane na nusu, saa ambayo mtu mwenye mke na kazi anatakiwa awe amelala. Mmarekani anakaa sebuleni, anaona nyota amepumzishwa, anaweka mwingine, imekwisha. Wewe unaamka asubuhi unakuta kiti kilikuwa kitupu na benchi yako, ambayo haihesabiwi, ilifunga pointi 28. Kwa hiyo kwetu sisi mchezaji anayeingia uwanjani kila siku ana thamani zaidi ya ile inayoandikwa kwenye orodha za wataalamu. Wao hawana habari na saa nane na nusu yetu.

Na kuna nyongeza ambayo hakuna Mmarekani atakufundisha. Mechi za magharibi, za Lakers, za Golden State, za Sacramento, nyingi zinaanza kwetu saa kumi na mbili asubuhi au baada ya hapo kidogo. Umeshaswali, umeshachemsha maji, unashika simu ukiwa na akili timamu. Wachezaji wawili wakiwa sawa kwa kila kitu, mimi namchukua wa magharibi. Mcheke tu. Mwenzetu wa Muscat ana nafuu zaidi, kwake ni saa moja, ndiyo maana benchi yake haiozi.

Halafu kuna ile ya Machi. Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani wanasogeza saa zao mbele. Mwaka huu ilikuwa Machi 9. Mimi nilikuwa nagombea nafasi ya mwisho ya mtoano. Usiku wa Jumatatu nikategesha kengele kama kawaida, saa nane na nusu. Nikaamka, nikafungua simu, mechi zimeanza nusu saa iliyopita. Saa tisa ilikuwa imegeuka saa nane wakati nimelala. Mchezeshaji wangu hakupangwa, nafasi imefungwa kwa kufuli la rangi nyekundu, na nilishindwa asisti kwa tatu. Mke wangu akauliza kwa nini nimekaa gizani. Nikamwambia, saa. Akasema ni saa nane na nusu, lala.

Kwa hiyo leo tukimaliza, kila mtu aandike ukutani: mwanzo wa msimu saa nane, kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba saa tisa, kuanzia Jumapili ya pili ya Machi saa nane tena.

Naona muda wangu umekwisha na dada ameshafungua kompyuta. Kura yangu leo ni namba saba, si juu si chini, na mmekuwa mkinichokonoa tangu mchana nimtaje nitakayemchukua. Sitataja. Namba tano na namba sita mko hapa mnasikiliza, na mimi si mtoto. Niseme tu kwamba mitupo huru msimu huu sitaihangaikia, nimeshaisamehe moyoni.

Jamani. Nimeshataja, eh?

Dada, anza kabla hawajabadilisha orodha zao. Sekunde 90 kwa kila mtu, na sambusa zisipite upande huu tena.